Aliyecheka benchi la nyuma

Jamani, leo kanisa zima limeitikia "Amina" kwa amri ya kompyuta. Kosa ni langu.

Mimi ndiye huchapa matangazo ya ibada. Natumia Vim, programu ya kizamani ya kuandikia. Ukimaliza unaandika :wq, inahifadhi na kujifunga.

Leo umeme ulikatika, nikachapa kwa simu. Vidole vikamalizia kama vilivyozoea, nikamtumia mzee wa kanisa bila kuangalia.

Akasoma ndoa za Jumamosi, akasoma mazoezi ya kwaya, akasogeza simu karibu na miwani.

"Nukta mbili. Dabliu. Kyu."

Akatutazama juu ya miwani.

Mama mmoja akaitika, "Amina." Wote wakafuata!

Nilitamani ardhi ipasuke. Ila nyuma kabisa kuna mtu alicheka. Kile kicheko cha anayejua!

Ibada ilipoisha nikakimbilia mlangoni. Vumbi tu, na bodaboda zinaondoka.

Hapa Karatu nikisema naandika programu, naletewa simu zilizopasuka vioo. Nilidhani niko peke yangu.

Tangu nirudi nyumbani sijakaa. Wewe uliyecheka, jitokeze. Hata kama unatumia Emacs, programu ya mahasimu wetu wa miaka yote, njoo tu tugombane.