Kipande cha Shaba cha Baba

Harufu ya shaba iliyoshikwa kwa mkono wenye jasho hunirudisha Kayole hadi leo, kwenye nyumba yetu ya ghorofa ya tatu, wiki ile tuliyompeleka baba Bungoma kumzika. Nilikuwa na miaka saba, na nawaambia kweli, sijawahi kukata tamaa vile tena.

Baba alikuwa dereva wa treni, mtu wa maneno machache, na sanduku lake la mbao hatukuruhusiwa hata kulikalia. Siku moja kabla ya safari mama alilifungua akitafuta tai ya kumvalisha. Mimi, kwa kiherehere changu, nikatia mkono chini ya soksi nikagusa kitu baridi. Kilikuwa kisahani cha shaba, kizito, chenye tundu katikati na herufi zilizokwisha kufutika.

Baba mdogo Wafula, ambaye naye alikuwa mtu wa reli, alikipokea kwa mikono miwili.

"Hii ni ya treni za mvuke," alisema. "Stesheni masta alikuwa anampatia dereva hii mkononi. Kama hana, treni haitoki. Hata abiria walie aje."

Alikotoa baba kitu hicho mama hakujua. Alikirudisha sandukuni, akaendelea kutafuta tai.

Mimi nami nikaelewa nilivyoelewa. Asubuhi jeneza lilipopitishwa kwenye ploti yetu, uani, ili baba aage nyumba yake, shaba ilikuwa kiunoni kwangu, nimeifungia ndani ya rinda kwa leso. Watu waliimba, pasta akaomba, Mama Njoki wa kioski akalia kuwashinda wafiwa. Mimi sikulia. Ya nini kulia, na baba hawezi kwenda popote?

Jeneza likaingizwa kwenye basi, watu wakapanda. Halafu dereva akawasha gari, hivi hivi, bila kumwomba mtu chochote.

Nilikimbia nikasimama mbele ya basi, nimeinua shaba kwa mikono yote. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Dereva akapiga honi.

"We mtoto, toka hapo, gari iende," baba mdogo aliita kutoka dirishani. "Tutachelewa."

Nikalala chini kwenye vumbi, mbele ya gurudumu. Nilishaanza kuona kwamba kitu changu hakifanyi kazi.

Mama akashuka. Kila mtu alijua nitachapwa, mimi wa kwanza. Lakini aliketi chini kando yangu na nguo zake nyeusi, akaichukua ile shaba, akaibana kifuani.

"Zima gari," alimwambia dereva.

Dereva akamtazama baba mdogo.

"Nimesema uzime."

Gari likazimwa. Tulikaa pale, mtaa mzima ukitutazama. Mwishowe akainuka, akamwekea dereva shaba mkononi, akapanda.

Nilimchukia kwa hilo miaka mingi. Niliona amemtoa baba kwa hiari yake, na mimi nilikuwa nimemshika.

Mwaka juzi nilimzika mume wangu. Gari lilipowashwa, hakuna aliyeniuliza kama niko tayari. Ndipo nilipojua kwamba siku ile mama hakuwa ananibembeleza mimi. Ni yeye aliyekuwa hawezi kuondoka.