Chupa, Mpakizi wa Virusi

Chupa hakupewa jina hilo na wazazi. Alilipata maabara, alipoajiriwa kuosha vyombo vya kioo. Aliosha huku akiuliza: hii ilikuwa na nini, na ile je? Mwishowe mkuu wa maabara, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, akamwambia, "Wewe maswali yako hayaishi. Nenda shule ukawasumbue walimu."

Mkuu alikuwa anatania. Chupa akaenda kweli, miaka minne ya masomo ya jioni, akarudi na cheti na koti jeupe. Jina likambaki.

Maswali yake yalikuwa na chanzo. Kaka yake, fundi cherehani, alizaliwa na damu isiyoganda. Sindano ikimchoma, nguo ya mteja imeharibika. Lakini kidole si kitu. Balaa lilikuwa goti. Damu ilivujia ndani ya goti hata bila kuanguka, likavimba, naye akalala wiki nzima akiuma mto. Yote hayo kwa sababu ya jeni moja yenye kasoro, ile inayoufundisha mwili kutengeneza protini ya kugandisha damu.

Kwa hiyo mkuu alipotangaza kwamba wataanza kutengeneza virusi vya kupeleka jeni hiyo hiyo, isiyo na kasoro, kwenye seli za ini, ambako protini ile hutengenezwa, Chupa alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kirusi ni hodari wa kuingia ndani ya seli. Wao walikiondolea jeni zake zote, likabaki ganda tupu, kisha ndani ya ganda wakapakia jeni nzima ya binadamu. Kikifika kwenye seli kinashusha mzigo, basi. Hakiwezi kuzaana wala kuambukiza mtu.

Kwanza walijaribu na jeni ya majaribio, inayoifanya seli ing'ae kijani ikimulikwa. Mara ya kwanza, giza. Mara ya pili, giza. Mara ya tatu ziling'aa seli mbili tatu, kama zinaona aibu.

"Virusi tulivihesabu vikiwa vingi," mkuu alilalamika. "Vinapotelea wapi?"

Chupa aliunyanyua mrija mtupu, akaugeuzageuza kwenye taa. "Mama, mimi nimeosha vyombo miaka mitano. Kuna vitu ukimwaga havimwagiki, vinang'ang'ania ukutani. Je, kama virusi vyetu vimebaki humu humu?"

Mkuu aliupokea mrija, akauchungulia. Kisha akacheka mpaka miwani ikamtelemka. Wakaongeza kwenye maji ya virusi tone la dawa ya utelezi, jamaa ya sabuni, isiyodhuru seli. Siku ya tatu Chupa aliinamia darubini.

Sahani nzima ilikuwa inawaka kijani.

Alipiga kelele hata mlinzi wa getini akaja mbio na kizimamoto. "Moto uko wapi?" Chupa akamvuta shati. "Njoo uone! Vimeingia! Vimeingia vyote!" Mlinzi akachungulia, akasema ni nzuri, akauliza kama anaweza kurudi getini.

Miaka ikapita katika kupima usalama, kwanza kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wachache waliojitolea. Hatimaye daktari wa damu akatafuta wengine, na Chupa akaenda kwa kaka yake, akamkuta anapindua ukosi wa shati.

"Yaani dada yangu wa tumbo moja," alisema fundi, "unataka nitiwe virusi?"

"Nimevipakia kwa mikono yangu, Kaka. Najua kilichomo."

"Na vikikataa?"

"Vikikataa hakuna kurudia. Mwili unavikariri, ukiviona tena unavifukuza. Ndiyo maana watakupima kwanza. Kama umewahi kukutana na ndugu zao huko nyuma, hawakuchukui."

Fundi alimalizia ukosi, akakata uzi. "Nipeleke kabla sijabadili mawazo."

Siku ya majibu ya kipimo, mama yao hakuweza kukaa. Wagonjwa wanne walikuwa wamekwisha kukataliwa. Nesi alipotokea mlangoni akamwonyesha fundi dole gumba, mama akamkumbatia nesi, akaikumbatia na familia iliyoketi jirani, isiyomjua.

Dawa iliingia kwa dripu asubuhi moja, kwa muda wa saa moja na dakika chache. Chupa hakuruhusiwa kuigusa, kwa kuwa mgonjwa alikuwa nduguye, akabaki nje ya kioo akiuma kucha. Maji yenyewe yalikuwa meupe, hayana hata rangi ya kumtisha mtu. Fundi alimpungia mkono, halafu akasinzia.

Wiki ya nne daktari akawaita wote watatu, akawageuzia karatasi.

"Ulikuja na asilimia moja ya ile protini. Leo una thelathini na mbili. Tutaendelea kukupima miaka mingi, siwezi kukuahidi itadumu hadi lini. Lakini ini lako linaitengeneza lenyewe."

Chupa alisoma tarakimu ile mara tatu. Kisha akaanza kuruka palepale, koti jeupe likipepea, daktari naye akaona afadhali aungane naye.

Fundi alilipapasa goti lake. "Daktari," aliuliza, "naruhusiwa baiskeli?"

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne na hajawahi kuipanda. Jumapili ile Chupa aliazima ya mlinzi, wakaenda uwanjani nyuma ya shule. Chupa alishika tandiko akikimbia, mama akifuata na mto wa kochi kifuani, tayari kumkinga. Mara tandiko likamponyoka. Fundi akaenda peke yake, akiyumba, mita ishirini, thelathini, akaanguka ubavu kwenye nyasi.

Mama akaangusha mto. Wakamfikia wakihema, wakampandisha suruali hadi juu ya goti. Goti lilikuwa na mchubuko, na damu yake ilikuwa imeanza kuganda.

"Mbona mnanitazama hivyo?" fundi alisema akicheka, akiitafuta pedali kwa mguu. "Nisukumeni tena!"