Mwasmini wa Maji ya Kisima

Harufu ya asmini haina adabu. Hupita chini ya mlango, hupenya katikati ya mbao za dirisha, huingia hata chumbani kwa mjane aliyekatazwa manukato. Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga, harufu hiyo ilitoka uani, kwenye nusu pipa ambamo baba alipanda mwasmini mwaka aliomwoa mama. Kila alasiri mama aliyachuma matumba kabla hayajafumbuka, akayatunga pamoja na majani ya mrehani kuwa kikuba, akakibandika kifuani. Yalifumbuka magharibi, baba aliporudi kutoka Kilindini alikokuwa karani. Kisha baba akafa ghafla akiwa kazini, na mama akaingia eda. Hakuvaa dhahabu, hakujipaka wanja, hakujitia manukato wala ua. Alikaa katika chumba kinachotazama uani, na kwa kuwa hakuna aliyechuma tena, asmini zilifumbuka mtini na harufu ikamfuata humo humo ndani.

Nilikuwa darasa la tano. Niliamini jambo moja tu: eda itakwisha, wanawake watakuja kumtoa mama, watamwogesha na kumfukiza udi, na asmini watakazomvalisha zitakuwa za baba. Zikiwapo, mama atarudi kuwa mama. Zisipokuwapo, sikujua tutafanya nini. Basi nikaushika mti ule kama mtu aliyeshika kamba. Asubuhi kabla ya shule na mchana nikitoka shuleni nilivuta maji kisimani, ndoo kwa ndoo, nikamwagia. Lakini kadiri nilivyomwagia ndivyo majani yalivyozidi kuwa ya manjano, yakaungua ncha, yakadondoka. Nami nikaongeza maji. Bibi, mamake baba, alinitazama akitikisa kichwa. "Mjukuu wangu, uwate. Kila kitu na ajali yake," aliniambia, akitaka niuache mti ufe siku yake ikifika. Nikamjibu kwa ukali ambao siku nyingine ungeniletea kofi, na bibi hakunipiga, jambo lililonitia hofu zaidi.

Ndipo niliposikia shuleni habari za chama cha bustani kilichokutana Jumamosi katika ukumbi mmoja Tononoka. Nilikwenda kutafuta dawa, nikafundishwa kupanga maua. Wanachama wengi walikuwa akina mama wa Tudor wenye mawaridi yao, na mwalimu wetu alikuwa Bi. Dorcas, Mtaita aliyestaafu ualimu lakini sauti yake haikustaafu. Alituonyesha kukata vikonyo kwa mshazari, kuvichomeka kwenye kibao cha misumari ndani ya sahani, ua refu nyuma, fupi mbele. Mimi nilistaajabu. Kwetu ua huvaliwa, hulaliwa, hutiwa nyweleni. Ua la mezani ni la plastiki, nalo hukaa juu ya televisheni likipanguswa vumbi siku ya Idi. Kila Jumamosi niliinua mkono kuuliza habari za mwasmini, na kila mara Bi. Dorcas alidhani nauliza jinsi ya kuupanga. "Asmini haina kikonyo cha kusimamia, mwanangu," alisema. "Tushughulike na waridi."

Jumamosi moja sikuinua mkono. Nilikuja na tawi kavu na udongo wa pipa katika mfuko, nikavimwaga juu ya meza katikati ya mawaridi ya watu, nikalia kilio ambacho sikukilia msibani. Bi. Dorcas aliwanyamazisha walionong'ona. Alichukua udongo kidogo, akautia katika kikombe cha maji safi, akaukoroga na kuuacha utulie. "Chovya kidole, uonje," akaniambia. Ilikuwa chumvi. Kisima chetu kilikuwa na maji ya chumvi kama visima vingi vya mtaani, na sisi tuliyatumia kufulia na kuoshea sakafu tu. Hilo nililijua tangu nizaliwe, ila sikuwahi kufikiri kwamba mti nao una ulimi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu nilikijaza kwa mikono yangu miwili.

Niliporudi nyumbani nilianza kuiba maji matamu. Mabomba yalikuwa makavu, maji ya kunywa yakiletwa kwa mkokoteni, na bibi aliulinda mtungi kuliko sanduku lake. Nilikunywa nusu kikombe, nusu nikaupelekea mti. Niliomba maji yaliyooshewa mchele. Nilimwomba Mungu, nikamwahidi mambo ambayo mtoto hana. Jani la mwisho lilianguka na eda ikaisha.

Wanawake walikuja na asmini za kununua. Nyumba ikajaa udi na mimi nikajificha uani, nyuma ya pipa. Mama alinifuata, amevaa nguo mpya, nywele zingali mbichi.

"Mama, sikujua ni chumvi," nilisema.

"Mimi nalijua tangu mwanzo," akajibu. "Babako akiuletea maji matamu kwa dumu kutoka kazini. Nalikuona dirishani kila siku na ndoo yako."

"Mbona hukunambia?"

"Mti wanukia, na yeye hayupo. Nalitaka ukome kunukia."

Bibi, aliyesimama mlangoni, alisema taratibu, "Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi." Niliwachukia wote wawili. Nilimchukia mama kwa muda mrefu, nikiwa binti, nikiwa mke, hata baada ya kuzaa.

Siku hizi naishi ghorofani Tudor. Chama kile kilikwisha zamani, na sokoni asmini huuzwa katika vifuko vya plastiki, zimelegea kabla hazijafika nyumbani. Mimi nina mwasmini wangu barazani. Sasa nimepita umri aliokuwa nao mama mwaka ule, nami nimemzika mume wangu. Najua jinsi harufu inavyoweza kumwingilia mtu aliyejifungia. Hatujaombana radhi, maana sijui nani aanze. Mama ni mzee, anaishi nami, macho yake hayaoni vizuri. Kila alasiri akisikia nachota maji hunyanyuka, hushika ukuta mpaka barazani, na hunizuia mkono kabla sijamwaga. Huchovya kidole ndooni, hukitia mdomoni, husubiri.

"Matamu," husema. "Mwagia."