Safari ya Moa na Dereva Asiyekula

Sababu ya mimi, fundi cherehani niliyezoea kukaa chini kutwa, kupanda pikipiki na kupita maporini ni jipu. Jipu lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la Mzee Kombo, mjomba wake rafiki yangu Athumani, nalo lilimwota mahali pale pale ambapo mtu hukalia. Mzee Kombo ndiye aliyekuwa mshenga. Barua ya posa ilikuwa imekwisha andikwa, na Alhamisi alikuwa aende Moa, kijiji cha pwani, kumposea mpwawe. Jumatano jioni nilimkuta amelala kifudifudi, anaguna.

Athumani ni fundi mitambo katika shamba moja la mkonge upande wa Pongwe. Ni mwembamba, mcheshi, mdogo kwangu kwa miaka saba, na tangu baba yake afariki amenifanya kaka. Jioni ile alikuja dukani kwangu Mabawa akakaa juu ya kipande cha kitambaa cha mteja bila kuangalia.

"Kaka Hamisi, nimekwisha," alisema.

Binti aliyempenda ni Mwanaisha, binti wa Mzee Mbwana wa Moa. Alimwona katika arusi hapa hapa Mabawa, nyumbani kwa shangazi yake binti. Shangazi huyo alikuwa amemletea Athumani habari mbili. Ya kwanza, binti mwenyewe hana neno. Ya pili, yuko mnunuzi wa nazi wa Vanga ambaye atapeleka barua yake Ijumaa baada ya sala, na Mzee Mbwana amekwisha sema kuwa barua itakayotangulia ndiyo atakayoijibu kwanza. Kwa hiyo Alhamisi ikipita, na Mwanaisha amepita. Nikakubali kuwa mshenga badala ya Mzee Kombo.

Masika yalikuwa yameikata barabara, na basi lilikuwa limerudi njiani mara mbili. Njia iliyobaki ilikuwa ya pikipiki, ndani ya mashamba na vichochoro vya mbuzi. Nami sijui kuendesha hata baiskeli. Ikawa mposaji hana budi kumbeba mshenga wake mwenyewe mgongoni, jambo ambalo kwetu ni aibu. Mposaji hakanyagi kwa wakwe kabla hajajibiwa, na chakula chao hakigusi mpaka aitwe kwa haki. Tukapatana kwamba ataniacha kabla ya kijiji, ajifiche minazini, nami nitaingia kwa miguu yangu kwa heshima zote.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulitoka Mabawa. Nilivaa kanzu niliyoidarizi kwa mkono wangu, koti, na kofia ya viua. Barua niliifunga katika leso nikaitia mfuko wa ndani. Mke wangu aliniangalia nikipandisha kanzu mpaka magotini ili nipate kukalia lile dude, akaingia ndani kucheka. Nilimsikia vizuri.

Pikipiki yenyewe ilikuwa mabaki ya vita. Athumani aliiokota kipande kipande, akaiunga kwa muda wa mwaka mzima, na kiti changu cha nyuma kilikuwa gunia lililoshindiliwa singa, zile nyuzi za mkonge. Singa zinachoma. Nilimwambia, akasema nitazizoea.

Pongwe tulifika kukipambazuka. Mama mmoja alikuwa anachoma mihogo kando ya njia, nikala vipande vitatu. Athumani alikula kimoja, nusu yake akampa kuku. "Hakipiti, kaka," alisema. Nikamtania kuwa mapenzi hayajawahi kujaza tumbo la mtu. Hapo tukaiacha barabara kubwa tukaingia kaskazini, ndani ya mkonge.

Aliyekwisha kupita humo anajua. Mistari ya mkonge inakwenda mpaka macho yachoke, na katikati ni njia ya udongo mwekundu ambao mvua ikishaunyeshea huteleza kama bamia. Athumani alinipa sheria moja tu: "Nikilala kulia, lala nami kulia. Usishindane nami." Mimi nilimsikia, lakini mwili wangu ni wa mtu wa cherehani, umezoea kunyooka. Kila akilala kulia, mimi nilijivuta kushoto. Tulianguka mara tatu kabla jua halijapanda, na kila mara Athumani alininyanyua mimi kwanza, kisha pikipiki.

Mara ya tatu ilikuwa mbele ya kundi la wakata mkonge. Mmoja wao, mzee wa Kinyamwezi, aliegemea rundo lake la majani akaniangalia nilivyo, kanzu nyekundu kwa tope, kofia upande.

"Shehe," alisema, "unakwenda kuzika au unakwenda kuzikwa?"

Nilimjibu kuwa nakwenda kuoza, na kama anataka kufa kwa wivu ruhusa anayo. Walicheka wote, wakatusukuma mpaka tukatoka kwenye tope. Utani ule ulinirudishia moyo.

Saa mbili na nusu tulifika Mto Sigi. Maji yalikuwa yamejaa, mekundu, yanabeba matawi mazima. Tegemeo letu lilikuwa daraja la reli ndogo ya toroli za mkonge, ambalo ni mataruma tu, yale magogo ya kulalia reli, na uwazi katikati, na chini ni mto. Mlinzi wa daraja alimfahamu Athumani kwa kazi yake, akatuachia. Athumani aliisukuma pikipiki taruma kwa taruma mpaka ng'ambo. Mimi nilitoa barua mfukoni nikaiweka chini ya kofia, nikapiga magoti, nikaanza kutambaa. Nilipofika katikati niliangalia chini. Hapo nikakwama. Sikuweza kwenda wala kurudi, na sioni haya kusema kuwa machozi yalinitoka.

Athumani alirudi. Hakunicheka. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akawa anarudi kinyumenyume huku ananiuliza bei ya kitambaa cha amerikani, na kama kweli mwezi mtukufu nitashona kanzu zote nilizoahidi. Nikawa namjibu, tena kwa ukali, na nilipotanabahi nilikuwa nimekalia nyasi za ng'ambo. Nilimpenda sana saa ile, nikamwambia. Akasema, "Panda, kaka, jua linakwenda."

Baada ya mto njia ilibadilika. Tulipita vichaka, mihogo ya watu, vijia vya mbuzi ambavyo matawi yake yanakupiga makofi. Na hapo ndipo nilipoielewa ile sheria. Niliacha kushindana. Alipolala nililala, alipoinuka niliinuka, na pikipiki ikawa inapita baina ya miti kama uzi katika tundu la sindano. Nilianza kufurahi. Nilifurahi kupita kiasi, na huo ndio ukweli wenyewe. Tulipoipita Duga, ardhi ikawa chumvi na mchanga, tambarare, mikoko kwa mbali. Mimi, niliyelia darajani, nilimpiga Athumani begani nikamwambia atie moto.

"Mchanga mbaya huu," alisema.

"Tia moto, yakhe. Wa Vanga anakuja na punda?"

Alitii kwa kuwa ni mdogo wangu. Hatukwenda mbali, gurudumu la mbele likazama, nami nikaruka juu ya kichwa chake. Nilipojaribu kusimama, kifundo cha mguu wa kushoto kilikataa, na baada ya muda mfupi kilikuwa kimevimba kama dafu.

Karibu na adhuhuri tulikuwa pembeni ya Moa, minazi tunaiona, moshi wa majiko tunaunusa. Na mimi siwezi kutembea hatua tatu. Athumani aliipepea barua, iliyoanguka pamoja na kofia yangu, kuondoa mchanga, akanirudishia. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyefiwa. Kosa lilikuwa langu, kwa hiyo nilijiona nina wajibu wa kutafuta dawa, na dawa niliyoipata ilikuwa uongo.

"Utanipeleka mpaka barazani," nilimwambia. "Wewe ni dereva wangu. Umejaa tope mpaka nyusi, nani atakujua?"

"Kaka, si vizuri."

"Na kurudi na barua ni vizuri?"

Alinipandisha.

Mzee Mbwana tulimkuta barazani anasuka kamba. Ni mtu mfupi, ndevu nyeupe, macho hayana haraka. Nilitoa shikamoo nikiwa nimemwegemea Athumani, naye Athumani akatoa yake huku anatazama chini.

"Marahaba, wanangu. Na huu mguu?"

Nikajieleza: fundi Hamisi wa Mabawa, mjumbe wa Mzee Kombo ambaye jipu halimruhusu kukaa, nimeteguka njiani. "Na huyu ni dereva wangu," nikaongeza. Mzee aliita, maji ya moto na chumvi yakaletwa, akanikanda mguu kwa mikono yake mwenyewe. Akasema maneno yatasubiri, mgeni hula kwanza.

Likaja sinia. Wali wa nazi, nguru wa kupaka, na pilipili ya embe mbichi pembeni. Tulinawa. Mimi nilikuwa na njaa ya tangu Pongwe, nikamega mara tatu kabla sijagundua kuwa Athumani amekaa ukingoni mwa mkeka, mikono mapajani.

"Dereva, karibu," alisema Mzee Mbwana.

"Nimeshiba, mzee. Ahsante."

Aliyesema hivyo alikuwa amekula nusu kipande cha muhogo tangu alfajiri, ameisukuma pikipiki mtoni na kunibeba mimi. Tumbo lake lilinguruma, sote watatu tukalisikia. Nami kwa upumbavu nikamwambia, "Kula, dereva," kisha nikaacha kumega, maana ndipo nilipoona nilichomfanyia. Akila, amekula kwa wakwe kabla ya jibu. Asipokula, amemtukana mwenye nyumba. Na aliyemtia hapo ni mimi.

Mzee alimkaribisha tena. Athumani akasema tumbo linamsumbua, akaomba maji, akageuza uso pembeni ndipo akanywa.

Mzee Mbwana akaweka tonge lake chini. Alinawa, taratibu, akajifuta.

"Fundi," aliniambia, "madereva nimewaona wengi. Wengine wezi, wengine walevi. Asiyekula sijamwona. Mtu anayekataa chakula changu na huku njaa inamwita, ama ana ugomvi nami, ama anataka binti yangu. Huyu ugomvi sina naye."

Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia hapo, juu ya mkeka wa watu, mdomo una samaki. Aliyesema ni Athumani.

"Kosa ni langu, mzee. Mimi ndiye Athumani wa barua. Mguu wa kaka yangu ndio ulionileta mpaka hapa. Niadhibu mimi, yeye umsamehe."

"Ungekula nani angejua? Sura yako haionekani kwa tope."

"Ningejua mimi, mzee. Ningekuja kuishi nawe kwa ukwe miaka yote, na kila ukinikaribisha ningekumbuka kuwa nilikwisha kukuibia tonge."

Mzee alilisogeza sinia kando. Kisha akanyoosha mkono kwangu, nikampa barua, akaingia nayo ndani. Akaitwa kaka yake mkubwa kutoka nyumba ya pili. Tulisikia sauti za wanaume, kisha sauti ya mwanamke. Athumani alikuwa anahesabu vifundo vya ile kamba ya mzee. Mimi nilikuwa naomba dua zote ninazozijua, na nyingine za safari za baharini.

Saa tisa Mzee Mbwana alitoka na kaka yake.

"Barua tumeipokea na tumeisoma," alisema. "Binti tumemwuliza, hakusema neno, kainamisha kichwa. Jibu lenye heshima zake atalipokea Mzee Kombo, siku atakayoweza kukaa. Kesho watu wa Vanga wakija nitawaambia wamekuta mtu mlangoni. Lakini wewe, fundi, dereva wako huyu nisimwone tena hapa kwangu."

Athumani alisimama.

"Nisimwone," akamaliza Mzee Mbwana, "mpaka siku ya nikahi."

Alisema bila kutabasamu. Kaka yake ndiye aliyecheka, na nyuma ya pazia la mlango wakacheka wanawake. Mkono ukatoka penye pazia, bangili mbili, umeshika kifurushi cha jani la mgomba. Sauti ya mama mtu mzima ikasema, "Mpeni dereva huyo, asije akatufia. Akale njiani. Njiani hakuna mkwe."

Kurudi tulikwenda polepole, mguu wangu umefungwa, mchanga tukaupita kwa kuisukuma pikipiki. Tulipovuka minazi ya mwisho ya Moa, Athumani alizima moto, akakaa chini papo hapo akafungua jani. Alikula wali ule huku analia na huku ananicheka, na mfupa wa nguru aliufyonza mpaka ukawa mweupe. Nilimtazama nikaona fahari kama ya mtu anayemtazama mwanawe.

Ndugu zangu wa Mabawa mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kulala pikipiki ikilala. Nimejifunza pia kwamba nilikuwa simjui Athumani. Miaka yote nilimchukulia kuwa mdogo wangu wa kuchekesha, wa kuonywa na kuelekezwa, nami nikamtungia uongo ambao ungempa ruhusa ya kula asijulikane. Yeye akakaa na njaa yake. Mimi nisingeweza, na ninayo hakika, kwa sababu niliwahi kujaribiwa. Nilipokuwa naposa, nilijifanya mpelekaji wa vitambaa, nikaingia mpaka uani kwa wakwe zangu, nikala mkate wa kumimina vipande vinne. Mke wangu hajui habari hiyo. Sasa anaijua, maana kila ninachoandika yeye ndiye hukisoma kwanza.