Antena Yenye Mabawa

Barabara iliposhuka kutoka vilimani, Arlis Hovde aliliona jangwa la Quartzsite limejaa magari ya kuishi, meupe yote, mpaka upeo wa macho. Akasema kwa sauti, ingawa hakukuwa na wa kumsikia, "Hawa wote wamekosa pa kwenda."

Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, lakini hilo halikumpunguzia dharau hata chembe. Alikuwa na miaka sabini na minne, na alikuwa ameendesha siku nne kutoka Dakota ya Kaskazini akiikimbia baridi ya Januari. Zamani usukani ulikuwa wa mumewe Merle. Arlis, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, alikaa kiti cha pembeni akiuma ulimi. Merle alifariki mwaka uliopita, akamwachia gari lenye kitanda, jiko na tundu paani lililozibwa kwa gundi, pale ilipokuwa antena ya televisheni. Mara tatu Merle aliondoka akiwa ameisahau juu, hajaikunja. Mara ya tatu ilikwanguliwa na paa la kituo cha mafuta, naye akasema paa limejengwa vibaya.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumapili timu ya kwao ilikuwa na mechi ya mtoano ya mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka na kukimbia nao, na dada yake Verna angekuwa kitandani kule Minot, macho yameshapofuka, akingoja simu. Kila mechi Arlis ndiye aliyetazama kwa niaba yake, akimsimulia kwa simu. Verna hakuwataka watangazaji. "Wanamsifu kila mtu kama wako msibani," alisema. Pale jangwani mtandao ulipitisha sauti tu, picha haikupita. Bila antena, Verna hangekuwa na mechi.

Kesho yake, kahawa haijapoa, akaja Duane Fessler, muuza antena wa kambini, mtu ambaye tumbo lake lilifika kwanza na yeye akafuata. Mkononi alishika kitu cheupe cha duara, kama sahani iliyofunikwa kwa sahani.

"Mpenzi, hii huinui, huzungushi. Inashika pande zote."

"Mimi si mpenzi wako. Na mshika mbili moja humponyoka. Hiyo yako inashika pande zote, inabaki na nini?"

"Jaribu tu. Isipokufaa, nirudishie."

Alijaribu. Akapata stesheni mbili: ya mhubiri, na ya mtu anayeuza visu. Kabla ya adhuhuri alikuwa kwenye meza ya Duane, sahani mkononi.

"Mnara uko Yuma, kusini, maili themanini. Nataka antena inayojua kusini ni wapi." Akanyoosha kidole kwenye antena kuukuu ya mabawa mawili, yenye mkono wa kukunjwa, ile inayoinuliwa kwa kuzungusha mpini kutoka ndani. "Nipe ile."

Duane akamtazama rafiki yake Rollie, aliyeshinda pale kutwa bila kununua kitu, wakacheka.

"Mama, kwa umri wako? Utaondoka nayo juu. Wote huondoka nayo juu."

"Mume wangu aliondoka nayo juu. Mimi nilikuwa pembeni namwambia."

Alipanda ngazi mwenyewe, akaifunga, akaziba kila tundu la msumari kwa gundi. Wale wawili walileta viti vya kukunja wakampa ushauri kutoka chini, kama kawaida ya watu ambao hawajawahi kupanda. Alipomaliza aliinua mabawa, akayazungusha taratibu hadi picha ikatulia. Kisha akatoa bawa lililovunjika la antena ya mwisho ya Merle, akalifunga kwa uzi kwenye usukani. Wengine huning'iniza kibanio cha nguo, ili wasiondoke na antena juu. Arlis aliona kibanio ni kidogo mno kwa ujinga mkubwa namna ile.

Jumapili, robo ya kwanza haijaisha, mlango ukagongwa. Duane na Rollie.

"Yangu imekata picha," Duane alisema akiangalia viatu vyake. "Upepo."

"Upepo gani? Kaeni. Na mnyamaze, nasimulia."

Wakakaa, magoti yamebanana. Arlis akarudi kwenye simu. "Verna, kaudaka. Sasa anakimbia kama ana jiwe kiatuni. Kaangushwa. Refa anapuliza, hata hajui kwa nini."

"Nani hao wanaopumua?" Verna aliuliza.

"Wanaume wawili na sahani moja."

Verna alicheka mpaka akakohoa. Timu ilifungwa, Arlis akaitukana mchezaji kwa mchezaji, na dada yake akasema hajaona mechi nzuri namna hiyo mwaka mzima.

Jumatano asubuhi alikuwa anaondoka. Duane na Rollie walikuwa tayari kwenye viti vyao. Arlis akawasha injini. Juu ya paa mabawa yalikuwa bado yameinuka.

"Mwambie," Rollie alinong'ona.

"Mwache," Duane alisema.

Injini ilinguruma dakika nzima. Arlis akalifungua lile bawa usukanini, akashuka, akalizunguka gari mara mbili, akiinama kwenye kila gurudumu, kama alivyolizunguka basi kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja. Akapanda. Mpini ukasikika ukizunguka ndani, na mabawa yakashuka, yakalala.

Akateremsha kioo. "Mmekaa mbali sana. Mngesogea mngeona vizuri."

Gari likaanza kwenda, naye alikuwa ameshampigia dada yake simu.

"Verna? Wako wawili," walimsikia akisema, huku vumbi likiwafikia vitini. "Wa kwanza ana tumbo. Ngoja, nianze na tumbo."