Taa Zilizowaka Mchana

Nina haya kulisimulia hili, maana mnanijua, mimi ndiye ustadhi ninayewafundisha watoto wenu subira kila jioni pale madrasa, na siku ile subira yenyewe niliiacha barabarani.

Nilikuwa natoka Kiwangwa kwa baiskeli, matenga mawili ya nanasi nyuma, naelekea Bagamoyo (wenye magari wa barabara ile wananijua nami nawajua, na hatupendani), mara nyuma yangu likaja gari dogo jeupe, taa zinawaka na jua lote lile la saa nne asubuhi, nikajua huyu ananimulikia nimpishe, nikasema moyoni simpishi ng'o, nikabaki katikati ya njia. Akapiga honi mara moja. Nikakaza mgongo. Akanipita kwa kunibana, kioo chake kikanigusa kiwiko, nikaingia mtaroni mimi na nanasi zangu.

Ningesema alhamdulillahi nimepona, nikaokota vyangu, yakaisha. Lakini gari lilisimama mbele kidogo, karibu na kijiwe cha bodaboda, na mimi mori umeshanipanda. Nikalikimbilia, kanzu nimeikunja mkononi, kofia sijui imeangukia wapi, na dereva hajawahi hata kufungua mlango nikapitisha mkono dirishani nikachomoa ufunguo.

"Shuka uniombe radhi! Barabara hii umejengewa wewe na baba yako?"

Vijana wa bodaboda wakasogea. "Mwambie, ustadhi!" Nikavimba kichwa, nikaurusha ufunguo kwenye majani ng'ambo ya mtaro, naye aonje adha ya kuokota vitu.

Dereva, mwanamume wa rika langu, hakupandisha sauti.

"Ustadhi, tuna maiti."

Nikachungulia. Kiti cha nyuma alikaa mwanamke, amepakata mtoto mdogo aliyeviringishwa kanga mpaka usoni. Kumbe ndizo zile taa. Nani huku kwetu asiyejua kwamba gari la msiba huwasha taa mchana? Mimi mwenyewe huwaambia wanafunzi wakiliona wasimame kando, wanyamaze. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi tukautafuta ule ufunguo, mimi kwa magoti, na bodaboda wote, jua linapanda, na huko makaburini watu wanawangoja. Kila nikiinua kichwa namwona yule mama anampepea mwanawe kwa ncha ya mtandio. Sijapata kuona aibu kama ile.

Dereva alikuwa anapekua majani pembeni yangu.

"Nisamehe, kaka," akasema. "Nilisimama nije nikuombe radhi. Sikukuona vizuri, nilikuwa namtazama mke wangu kwenye kioo."

Radhi niliyoidai kwa makelele, nikapewa.

Ufunguo aliuona kijana mmoja wa bodaboda. Akampa dereva, hakunitazama. Wakaondoka, taa zinawaka, nami jioni ile sikuweza kufundisha.

Sasa gari lolote likija nyuma yangu nashuka, nasimama kando na baiskeli yangu mpaka lipite. Wanafunzi wakinikuta njiani hucheka. "Ustadhi, mbona hilo halikuwasha taa?"

Nawajibu kwamba sijui limembeba nani.