Mikono Miwili ya Gorreti

Kama unataka kupumzika, usipangwe zamu na Gorreti. Mimi Nasiba nimefanya naye kazi ya uaskari magereza hapa Mbale, lango la wanawake, na nasema kwa upendo na kwa hasira: mwanamke yule hatulii. Chai ikichelewa kuchemka, yeye anafagia. Akimaliza, anafagia nilipokaa mimi. Mpira wa kikapu ulipomwingia kichwani, akawa anaudunda kwenye kibaraza cha nyumba zetu kabla jogoo hajawika, mpaka siku moja nikatoka na leso kifuani nikamwambia huo mpira nitaupasua kwa kisu cha vitunguu.

Hakucheka. Alisema, "Nasiba, nisipojua hii kitu, mama yangu atakufa mimi niko hapa."

Mama yake anaishi Wanyange, upande wa Jinja, kando ya ziwa. Alikuwa akianika na kuuza mukene, vile visamaki vidogo, hadi macho yalipoanza kumwacha. Sasa anapapasa ukuta ili kufika jikoni, na Gorreti ndiye mtoto pekee aliyebaki. Kila akipata ruhusa alikimbilia huko. Niliwahi kwenda naye. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Mama, kabla hata salamu hazijaisha, akauliza, "Unaondoka saa ngapi?" Ndiyo yalikuwa maamkizi yao.

Uhamisho alikwisha kuuomba mpaka akachoka. Njia ikaonekana kupitia kwa Lillian. Huyu ni askari mwenzetu wa Jinja, anakaa Nalufenya, na ndiye nyota wa timu yetu ya kikapu ya wanawake, ambayo makao yake ni hukohuko Jinja. Mumewe na watoto wako huku Mbale. Yeye analilia Mbale, Gorreti analilia Jinja. Ungedhani ni jambo la kubadilishana tu, kama watu wawili waliochukuliana viatu msikitini. Lakini Afande Gaster, mkubwa wa michezo, alikataa.

"Lillian nitamwachia siku nikipata mtu wa kusimama pahali yake uwanjani," alisema. "Si kabla."

Basi Gorreti akasema atasimama yeye. Tatizo ni kwamba kikapu hakukijua. Alichojua ni mpira wa pete, kama wengi wetu tuliousoma shuleni pamoja na nyimbo na kupanga mstari. Kwenye pete unaudaka mpira kwa mikono miwili, unasimama palepale, unautoa upesi. Kukimbia huku unadunda hakuna. Mikono yake ilizoea hivyo tangu utotoni, na mazoea yana tabu.

Mazoezi ya kwanza Jinja nilimsindikiza, niangalie aibu yake kwa macho yangu. Refa alikuwa Gurpreet, Singasinga mwenye duka la vipuri mjini, anayepuliza filimbi bila malipo kwa sababu, asemavyo mwenyewe, dukani hakuna anayemtii. Gorreti alipewa mpira, akaudunda vizuri kabisa, mbio mbio. Mtu akamjia mbele. Akashtuka, akaudaka kwa mikono miwili kama yuko kwenye pete. Halafu akakumbuka kwamba hiki ni kikapu, akaanza kudunda tena. Filimbi ikalia.

"Dabo," akasema Gurpreet, yaani kudunda mara mbili, akawapa mpira timu ya pili.

Ikawa hivyo jioni nzima. Adunde, adake, adunde, filimbi. Mwishowe akamfuata refa katikati ya uwanja, jambo ambalo mimi ningeona haya kulifanya.

"Bwana Gurpreet, mimi nauliza. Lillian amenipa mpira, nimeshika na mikono mbili, nimeanza kudunda, umenyamaza. Sasa nimeshika na mikono ile ile, nimedunda, unapiga filimbi. Hii mikono iko na kosa gani?"

"Mikono haina kosa, nyabo," akajibu, akimwita bibi kwa Kiganda. "Ile ya kwanza, wewe bado hujaanza. Lakini ukisha dunda, halafu ukashika, kudunda imeisha. Hapo iko kumpasia mwenzako, iko kutupa kwa kikapu. Ingine hapana."

"Na kama watu wamenizunguka?"

"Hata kama."

Maneno aliyaelewa, jambo lenyewe hakulielewa. Njia nzima ya kurudi Mbale alinung'unika. Mtu akikwama, dawa si kuanza upya? Kwake kuambiwa usianze tena ulikuwa ukatili mtupu, maana tangu nimjue hana dawa nyingine ya shida isipokuwa kusogea. Nilimhurumia, ingawa nilitaka kulala.

Kilichomfumbua macho ni lango letu wenyewe. Gereza letu lina malango mawili, la nje na la ndani, na kati yake pana kinafasi cha kusimama watu wachache. Ukiwa bado nje ni hiari yako, uingie au ubaki unapiga soga. Ila ukishaingia na la nje likafungwa nyuma yako, halifunguliwi tena kwa ajili yako. Unangoja la ndani. Asubuhi moja Gorreti aliingia zamu, nikafunga la nje, ndipo akakumbuka kwamba kofia ameiacha kwenye benchi. Akageuka.

"Nifungulie."

"Sifungui," nikasema, maana sheria ni sheria, na pia nilikuwa bado na hasira ya kibaraza. "Pita mbele. Kofia utaikuta."

Alisimama pale katikati, ameshika nondo. Alikuwa anapachukia mahali pale kuliko mahali pote gerezani, nikadhani atanitukana. Badala yake uso ukamfunguka.

"Nasiba, ni hii."

"Ni hii nini?"

"Nimedunda, nimeshika. Ya nyuma imefungwa. Imebaki ya mbele tu."

Akacheka peke yake kama mwehu. Akaingia zamu kichwa wazi, mkubwa akamkemea, na bado akacheka.

Tangu siku ile dabo zilipungua, lakini hazikuisha. Kichwa kimeelewa, ila mkono una kichwa chake. Akipata joto la mchezo, ule wasiwasi wake unarudi, na Gurpreet anapuliza.

Afande Gaster akaweka siku. Tutacheza Jinja na timu ya walimu, Gorreti na Lillian upande mmoja, naye aone kwa macho yake. Alileta kiti cha plastiki, akakaa. Mimi nilisimama nyuma yake nikasoma dua zote ninazozijua, na moja niliyoitunga.

Mchezo ulikwenda vuta nikuvute hadi mwisho, walimu wakituzidi pointi moja. Gorreti akapokea mpira, akadunda, akampita mmoja. Wawili wakamzibia njia. Akaudaka kwa mikono yote miwili. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Dunda! Dunda!" na watu wa upande wetu ndio waliopiga zaidi. Niliona bega lake linashuka na kiganja kinaanza kufunguka. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mpira ulikuwa bado mikononi. Mguu mmoja umeganda chini, mwingine unazunguka, naye anamtafuta Lillian.

Lillian alikuwa chini ya kikapu, peke yake kabisa, ameficha mikono nyuma ya mgongo.

Mimi nilielewa mara moja. Mpira ule Lillian angeutia hata usingizini, na akiutia, Afande hatamwachia mpaka azeeke. Gorreti alibaki na njia moja. Akautupa mpira kikapuni kutoka palepale aliposimama. Ukagonga chuma, ukazunguka ukingoni, ukaangukia nje. Filimbi ya mwisho ikalia, tumefungwa.

Akaja mbele ya kiti cha plastiki, jasho linamtiririka, anahama mguu huu na huu.

"Afande, nimekosa."

"Umekosa kikapu," akasema Afande Gaster. "Mimi nilikuwa naangalia mikono yako tu. Watu wote wanasema dunda, na wewe umekataa. Kutupa tutakufundisha." Kisha akamgeukia Lillian. "Na wewe, mikono yako ilikuwa inauma?"

"Ilikuwa inauma, afande."

"Basi ipeleke Mbale wakutibu."

Gorreti alipohamia, nilimsaidia kubeba vitu hadi Wanyange. Nitasema ukweli, kibaraza chetu sasa kimepoa kiasi cha kunikosesha usingizi. Tulipofika alikaa kwenye ncha ya kiti kama kawaida yake, mkoba mapajani. Mama akaja akipapasa ukuta, akakaa karibu naye.

"Unaondoka saa ngapi?"

"Siondoki, Mama. Wamenileta Jinja."

Mama alinyoosha mkono, akapapasa magoti ya binti yake mpaka akaufikia mkoba, akakuta bado umeshikwa kwa mikono miwili.

"Basi weka chini," akasema.